Kabla hujatoa hela, mgeuze huyo samaki

Chungulia nyuma ya mlango wa jikoni katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, utakuta mfuko mmoja uliojazwa mifuko mingine mpaka umetuna. Ni ile tunayoiita mifuko mbadala, ya rangi rangi, iliyotapakaa madukani baada ya Serikali kupiga marufuku mifuko ya plastiki Juni 1, 2019. Zanzibar walitutangulia kwa miaka mingi, na majirani zetu Kenya walianza Agosti 28, 2017. Rambo zimepungua kwenye mitaro, hilo halina ubishi. Lakini mfuko mbadala ule unaofanana na kitambaa nao ni plastiki, aina iitwayo polipropilini. Ukiutumia mara moja ukautupa, umebadilisha rambo jembamba kwa rambo nene.

Hata mfuko wa pamba si malaika. Mamlaka ya mazingira ya England ilitoa hesabu mwaka 2011 ikaonyesha kuwa mfuko wa pamba unapaswa kutumika mara 131 ndipo madhara yake kwa hali ya hewa yalingane na ya mfuko mwepesi wa plastiki unaotumika mara moja tu. Kwa hiyo anayetaka kuanza kununua kwa kujali mazingira asianze kwa kununua. Achukue mfuko ulio nyuma ya mlango aende nao sokoni mpaka uchanike, autie nyuzi, aende nao tena. Mwenye kapu la ukili alilorithi kwa bibi ametushinda wote.

Mfuko ndio tunaousema zaidi, ila kwa maoni yangu uzito wa jambo uko kwenye kinachotiwa ndani yake. Tuchukue samaki.

Kwenye pwani yetu bado kuna wanaovua kwa baruti. Baruti haichagui. Inavunja matumbawe, inaua mayai na vifaranga ambavyo hakuna atakayevila, na mvuvi wa nyavu halali anayekuja kesho anakuta maji matupu. Samaki huyo hana lebo, lakini ana dalili. Mshike mkia na kichwa: uti wa mgongo ukiwa umevunjika, atalegea katikati kama kamba. Mwombe muuzaji ampasue. Kama damu imevilia ndani na matumbo yamepasuka ilhali macho bado yanang'aa na matamvua ni mekundu, jiulize kilichompata. Samaki aliyelala bila barafu naye hulegea, ila macho yake huwa yamefifia na harufu humsema. Wote wawili hawafai kuingia jikoni kwako. Matumbo yakipasuka ndani, nyama huharibika upesi, na watoto ndio huanza kuharisha.

Ziwa Victoria nako kuna vipimo. Sangara anayeruhusiwa kuvuliwa ni wa kuanzia sentimita 50, ili wadogo wakue. Sato ni kuanzia sentimita 25, yaani karibu upana wa sahani ya kawaida ya chakula. Sato anayeenea sahani nzima na bado pembeni kuna nafasi ya ugali, huyo alitolewa majini mapema mno.

Najua jibu la akina mama wengi: mwanangu, huyo mkubwa nitamnunua kwa hela ipi? Swali la haki kabisa. Jibu langu ni dagaa. Wanazaana haraka na hukomaa mapema kuliko sangara, na kwa kuwa tunawala na mifupa yao, mtoto anapata madini ya chokaa kuliko kwenye kipande cha minofu. Tafuta waliokaushwa kwenye chanja badala ya mchangani, hata kama kikombe kimezidi bei kidogo. Mchanga nao huupima na kuulipia.

Kwenye mboga na viazi kuna jambo ambalo mnunuzi wa mjini halioni. Lumbesa. Gunia linajazwa, kisha linaongezewa kilemba juu na kushonwa kwa kamba, na mkulima analipwa bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo hairuhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100. Anayeibiwa wa kwanza ni mkulima. Wa pili ni kuli anayelibeba mgongoni kutoka kwenye lori, na uti wake wa mgongo haujui kama gunia lilihesabiwa moja. Ukiwa na shughuli, harusi au arobaini, na unanunua viazi kwa gunia, sema unataka vipimwe kwenye mizani na ulipe kwa kilo. Wateja wakidai mizani, mwenye lumbesa atakosa pa kuiuza.

Hapo hapo, tuangalie tunavyopatana bei. Supamaketi tunalipa kilichoandikwa bila kufungua mdomo, tukitoka tunabishana na mama wa mchicha aliyeamka alfajiri, mpaka atoe fungu la nyongeza. Sisemi tusipatane, soko bila kupatana halina ladha. Ila mchicha bei yake tunaijua, na faida yake pia.

(Na maandazi yasifungwe kwenye gazeti, hata hili. Wino ni wa kusomwa.)

Mkaa nimeuacha mwisho kwa sababu ndio mgumu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa nishati za kupikia majumbani ulichangia vifo milioni 3.2 mwaka 2020, zaidi ya 237,000 vikiwa vya watoto wa chini ya miaka mitano. Mwenye uwezo wa gesi ahame. Lakini anayenunua mkaa kwa kopo hawezi kuchanga hela ya mtungi kwa siku moja, na kumlaumu kwa miti iliyokatwa ni kumwonea. Huyo aanze na jiko banifu, apikie penye hewa, na maharage ayaloweke tangu jioni, amwage maji yale asubuhi na kupika kwa maji mapya, sufuria ikiwa imefunikwa. Yanaiva mapema, na mkaa unaobaki unatosha chai.