Ufundi Upimwe Kabla ya Safari



Mabatini, kama katika mitaa mingi ya jiji letu la Mwanza, kijana anayejifunza kuchomelea vyuma huanzia kwenye mageti na madirisha ya nondo. Punde huja mtu na habari za kazi Uarabuni, na wazazi huombwa wauze kiwanja ili nauli ipatikane. Nasaha yetu juma hili ni kwamba safari hiyo iandaliwe nyumbani kwanza.

Njia mojawapo ni Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa tarehe 10 Julai 1963. Vijana wa kujitolea hutumikia miaka 2, na pamoja na mafunzo ya kijeshi hufundishwa stadi za kazi. Hata hivyo, JKT yenyewe hutangaza kwamba haitoi ajira mkataba unapokwisha. Basi mwana aende huko kuchuma nidhamu na ufundi, kisha ufundi huo upimwe VETA, apate cheti.

Kwa nini tunasisitiza kupimwa? Katika kazi za mabomba ya mafuta na gesi, mchomeleaji hupewa bomba lililofungwa kwa mwinamo wa nyuzi 45, alizunguke akichomelea bila kuligeuza. Kisha kiungo hupigwa picha ya eksirei, au hukatwa vipande vikakunjwa. Kikipasuka, ameshindwa. Mkono uliozoea mageti tu hauwezi mtihani huo, na kiwanja kilichouzwa hakirudi.

Tena riziki haiko ng'ambo pekee. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443. Na meli ya MV Mwanza imeundwa hapa hapa, bandari ya Mwanza Kusini. Kazi zote hizo ni za wachomeleaji.

Akipata kazi nje, mkataba usomwe na familia kabla ya kutiwa saini: mshahara, saa za kazi, matibabu, tiketi ya kurudi. Upitie pia TaESA, inayotoa huduma za ajira za serikali. Na pasipoti akae nayo mwenyewe. Hata sheria ya Qatar ya mwaka 2015 inamtaka mwajiri amrudishie mfanyakazi pasipoti yake taratibu za ukaazi zikikamilika.

Mwenyezi Mungu alimlainishia Nabii Daud (a.s.) chuma, na bado akamwamuru apime sawasawa viungo vya deraya. Nasi tupime kwanza, ndipo tuwaage vijana wetu.