Kila Faili Lina Mwenyewe

Wanafunzi wenzangu, siku hizi umezuka mtindo usiofaa katika vyumba vya kompyuta vya shule nyingi. Kompyuta ikijaa, mtu hutafuta faili kubwa asilolijua, akalifuta. Husema, "Hili halina kazi." Kesho yake programu haifunguki, na darasa zima hukaa bure. Yafaa desturi hiyo ikomeshwe, tena dawa yake ni rahisi: kuuliza.

Sisi wa Moshono hatuhitaji kufundishwa jambo hili. Mfugaji wa Kiarusha akikuta ng'ombe mgeni zizini mwake, hamchinji. Hutazama kwanza alama ya masikio na chapa ya moto, apate kujua ni wa ukoo gani. Basi faili nalo lina ukoo. Kompyuta za Linux huwekewa programu kwa vifurushi, na kila kifurushi kinapoingizwa, majina ya mafaili yake huandikwa katika orodha, kama mtunza stoo aandikavyo vitu katika leja.

Katika Debian, iliyoanzishwa mwaka 1993, na katika Ubuntu, aliyoianzisha Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini mwaka 2004, orodha hizo hukaa katika /var/lib/dpkg/info. Hapana haja ya kuzipekua. Andika hivi tu:

dpkg -S /usr/bin/find

Kompyuta itajibu:

findutils: /usr/bin/find

Yaani faili hilo ni mali ya kifurushi kiitwacho findutils. Katika Fedora huandikwa rpm -qf, kisha jina la faili. Ukiuliza habari za folda, usishangae kutajiwa vifurushi vingi. Folda ya /usr/share/doc, kwa mfano, ni ya wengi, kama bwalo lisivyo la bweni moja.

Wengine watauliza: kompyuta ikijibu kwamba haikuona kifurushi, je, tufute? Hasha! Hapo ndipo pa kuangalia zaidi. Insha zetu zilizomo katika /home hazikuletwa na kifurushi chochote, na mafaili mengi katika /var huzaliwa baada ya programu kuanza kazi. Kukosa jina katika leja si kukosa mwenyewe. Pengine mwenyewe ni jirani yako wa dawati, na faili hilo ndiyo kazi yake ya muhula mzima.

Hata kifurushi kikijulikana, faili moja lisifutwe peke yake. Kama hakitakiwi, kiondolewe chote kwa amri ya apt remove, mwalimu akiwapo, kwani huenda vifurushi vingine vinakitegemea.

Nawaomba walimu wetu waibandike amri ile ya kuuliza ukutani mwa chumba cha kompyuta, nasi tuifuate. Kompyuta za shule ni mali ya umma, na watakaokuja nyuma yetu watazihitaji. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kufuta usilolijua.