Dereva Naye Alikuwa Mfanyakazi



Mwezi uliopita kijana mmoja wa shamba la chai alinifuata baada ya mkutano wa tawi. Katika shamba lao mashine za kuchuma majani zimekwisha letwa, na wachumaji wa mikono wameambiwa wangoje majina yao yabandikwe ukutani. Akaniuliza: "Mzee, barua zenu mtaandika mpaka lini? Mashine haisomi barua. Lakini mashine inaungua." Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu maneno kama hayo niliwahi kuyasikia zamani, na siku ile nilinyamaza. Safari hii sitanyamaza.

Nitamjibu kijana huyo kwa sinema za Wajerumani. Huenda mtashangaa mtu wa darasa la saba kuzungumza habari hizo. Katika semina moja ya viongozi wa matawi tulionyeshwa picha kadhaa ukutani, na ndugu mmoja aliyesoma akatufasiria. Nilikwenda kwa kupoteza usiku, nikatoka bila usingizi.

Kwanza historia kwa ufupi. Baada ya vita kwisha mwaka 1945, Ujerumani ya Magharibi ilitajirika upesi. Lakini wengi waliomtumikia Hitler walibaki katika vyeo, mahakamani, katika polisi na katika makampuni. Vijana walipowauliza wazazi wao walifanya nini wakati ule, walijibiwa kwa kimya. Tarehe 2 Juni 1967, katika maandamano ya kumpinga Shah wa Iran huko Berlin Magharibi, polisi mmoja alimpiga risasi mwanafunzi Benno Ohnesorg, ambaye hakuwa na silaha, akafa. Mahakama ikamwachia polisi yule. Mwaka 1968 vijana wachache wakatia moto maduka makubwa mawili mjini Frankfurt, na mwaka 1970 kikazaliwa kikundi kilichojiita Jeshi Jekundu. Walioongoza ni Andreas Baader, Gudrun Ensslin, binti wa mchungaji, na Ulrike Meinhof, mwandishi wa magazeti. Walisema wanapigana kwa ajili ya wanyonge wote wa dunia.

Tusiwe vipofu. Hasira yao ilikuwa na sababu. Lakini hasira na njia ni vitu viwili.

Picha iliyonigusa kuliko zote ni ile ya Mama Küsters, aliyoitengeneza Rainer Werner Fassbinder mwaka 1975. Inaanza jikoni. Mama huyo anafunga skrubu za vifaa vya umeme, kazi ya kuchukua nyumbani, ile inayolipwa kwa idadi. Mara inakuja habari kwamba mumewe, mfanyakazi wa kiwandani wa miaka mingi, alisikia watu watapunguzwa kazini, akamwua mmoja wa wakubwa kisha akajiua. Mwandishi wa gazeti anakuja kwa adabu, anakunywa kahawa, halafu anaandika kwamba marehemu alikuwa mnyama. Binti wa mama huyo, mwimbaji, anaitumia sifa hiyo mbaya kujitangazia kazi. Mume na mke wenye nyumba nzuri, wanaojiita wakomunisti, wanamkaribisha mama na kumpandisha jukwaani, lakini wana haraka ya uchaguzi kuliko shida yake. Mwisho anakuja kijana anayesema maneno hayatoshi, vitendo ndivyo vinavyotakiwa. Wanakwenda pamoja kwenye ofisi ya gazeti. Huko kijana anatoa silaha na kudai mambo mengine kabisa. Mama alitaka jina la mumewe lisafishwe tu.

Picha hiyo ina miisho miwili. Katika mmoja mama anauawa. Katika mwingine wale wenye vitendo wanachoka na kwenda zao, naye anabaki peke yake sakafuni. Anayemwonea huruma ni mlinzi wa jengo, anayemkaribisha kwake akale chakula cha jioni. Shikeni habari ya mlinzi huyo, nitairudia.

Lakini nilijiuliza jambo moja linalotuhusu sisi. Mfanyakazi yule aliposikia habari za kupunguzwa, alimwambia nani? Nani alikaa naye siku ile? Mtu mwenye tawi lililo hai hafi peke yake hivyo. Pale tawi linapolala, ndipo wenye silaha na wenye magazeti wanapoingia.

Fassbinder huyo huyo mwaka 1979 alitengeneza picha nyingine, Kizazi cha Tatu. Humo mkubwa wa kampuni ya kompyuta anakisaidia kikundi cha magaidi kwa siri, maana hofu ikizidi, serikali itanunua mitambo yake mingi zaidi. Ni hadithi ya kubuni, lakini kila mwenye kazi katika chama anajua maana yake. Jiwe moja likirushwa dirishani, mwajiri anapata kisingizio cha kuita polisi.

Sasa tutoke kwenye hadithi. Tarehe 19 Mei 1972 mabomu yalilipuka katika jengo la magazeti ya Springer mjini Hamburg. Mwenye magazeti hakuumia. Walioumia ni wafanyakazi. Tarehe 5 Septemba 1977, mjini Köln, walimteka Hanns Martin Schleyer, mkuu wa vyama vya waajiri. Mtu huyo zamani alikuwa ofisa wa SS ya Hitler, na katika mgomo wa mwaka 1963 alijulikana kwa kuwafungia wafanyakazi nje ya viwanda. Mimi sina machozi ya kumpa mwajiri wa namna hiyo. Lakini ili wamchukue yeye, walimwua kwanza dereva wake na polisi watatu. Miezi michache kabla, mwezi wa Aprili, walipomwua mwendesha mashtaka mkuu, dereva wake pia alikufa. Madereva, ndugu zangu! Watu wa mshahara kama sisi. Waliojiita wapiganaji wa wanyonge waliwahesabu kuwa sehemu ya gari.

Mambo hayo yalifika hata Afrika ya Mashariki. Ndege ya abiria iliyotekwa mwezi wa Oktoba mwaka huo ilitua Mogadishu baada ya rubani wake kuuawa Aden. Askari wa Kijerumani waliivamia usiku wa tarehe 18 na kuwaokoa abiria. Usiku huo Baader, Ensslin na mwenzao Raspe walikufa wakiwa wafungwa, na kesho yake maiti ya Schleyer ilipatikana Ufaransa.

Je, wanyonge walipata nini? Tayari mwaka 1972 serikali ilikuwa imetoa amri ya kuchunguza siasa za kila anayetaka kazi ya serikali. Walimu, watu wa posta na wa reli walinyimwa kazi au kufukuzwa, wengi wakiwa hawajawahi kushika hata fataki. Kila bomu lilifanya amri hiyo ionekane halali machoni pa wananchi. Katika picha ya mwaka 1978, Ujerumani Wakati wa Majani Kupukutika, mama mzazi wa Fassbinder anakaa mezani na mwanawe na kusema ingefaa wapate mtawala mmoja mwenye amri, aliye mwema. Mama aliyemwona Hitler anasema hivyo! Hofu ndiyo iliyomfikisha hapo.

Kikundi kile kilijivunja chenyewe mwaka 1998. Hakuna senti moja waliyoiongeza katika mshahara wa mtu.

Sasa habari ya mlinzi. Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa kijana katika tawi la shamba moja nisilolitaja, karani wa mizani alikuwa akitukata kilo katika kila kikapu na kusema ni maji ya umande. Vijana watatu waliniambia kwamba watachoma kibanda cha mizani. Sikuwaambia ndiyo wala hapana. Moyoni nilifurahi. Walikwenda usiku. Kibandani alikuwa amelala askari wa zamu, mwanachama wetu, aliyelipa ada yake kila mwezi. Hakufa, lakini mikono yake haikufaa tena kwa kazi. Kampuni ilileta mizani nyingine baada ya siku mbili, na karani akawa yule yule. Watu zaidi ya 40 walifukuzwa, na tawi likafa kwa miaka minne. Nilipokwenda kumwona askari yule hakunilaumu. Aliniuliza tu: "Ulijua?" Mpaka leo swali hilo liko nami.

Kwa hiyo, kijana wangu wa shamba la chai, jibu langu ni hili. Sikuambii uvumilie. Anayetuambia tuvumilie mpaka majina yabandikwe ni msaliti. Nakuambia fanya yaliyo magumu kuliko kuwasha kiberiti. Andikeni majina ya wachumaji wote na miaka yao ya kazi, vibarua wa msimu wakiwemo. Dai mkutano na mwajiri kabla ya mashine ya pili, wala si baada ya kumi. Daini malipo ya kuachishwa kazi na mafunzo ya kuendesha hizo mashine. Akikataa, pigeni kura ya mgomo mchana, watu wote wakiona, wachumaji, madereva, makarani na walinzi. Mgomo wa watu elfu moja waliosimama bila silaha unamnyima mwajiri usingizi. Moto wa watu watatu unampa bima.

Na ninyi viongozi wa matawi, kijana akija kukunong'oneza mpango wa usiku, usicheke naye wala usinyamaze. Kaa naye mpaka asubuhi. Kisha muulize mlinzi wa zamu ni nani.

Umoja ni nguvu.