Heri Kipimo Kinachoyumba

Muhula uliopita sisi wa Kidato cha Nne tulifanya jaribio la hamira katika maabara. Tulitia hamira na sukari katika maji ya uvuguvugu, tukapima kimo cha povu kila baada ya dakika tano. Dakika ya ishirini povu langu lilishuka badala ya kupanda. Niliona haya, nikaandika tarakimu ya kupendeza, na wenzangu wawili wakanakili. Mwalimu wetu aliusifu mchoro wangu mbele ya darasa, nami nikanyamaza. Leo naungama mbele ya wasomaji wote, kwa kuwa tangu siku ile nimesoma jambo ambalo yafaa tulijue sote.

Louis Pasteur alieleza tangu mwaka 1857 kwamba kuchachuka ni kazi ya viumbe hai. Hamira ya mkate nayo ni hai. Viwandani hukuzwa ndani ya matangi makubwa, hulishwa molasi kidogo kidogo na kupulizwa hewa nyingi. Ikipewa sukari kupita kiasi hugeuka kufanya pombe, hata kama hewa ipo tele, na hamira yenyewe hupatikana chache. Basi mwenye kuilisha hana budi kujua imefikia kiasi gani. Lakini kuipima ndani ya tangi si kazi rahisi: mapovu husumbua vyombo, na tarakimu hupanda na kushuka ovyo.

Hapo ndipo wataalamu waweza kutumia kompyuta yenye mtandao wa neva, yaani hesabu nyingi zilizounganishwa kwa mfano wa ubongo. Huipa vipimo vya matangi yaliyopita: joto, ukali wa asidi na hewa, pamoja na uzito wa hamira uliopimwa kwa mizani. Kompyuta hukisia uzito, hulinganisha na ule wa mizani, hujisahihisha, kisha hurudia mara nyingi sana. Baadaye hujaribiwa kwa vipimo ambavyo haijapata kuviona. Ikifaulu, husaidia kuamua molasi itiwe kiasi gani.

Je, hujifunzaje kwa vipimo vinavyoyumba? Aghalabu kuyumba huenda huku na huku. Vipimo vikiwa vingi, makosa hayo hupunguzana. Uongo si hivyo. Uongo wetu sote huelemea upande mmoja, ule umpendezao mwalimu. Kompyuta iliyofundishwa kwa uongo huo itausadiki, na itailisha hamira vibaya bila kusita.

Wako wenzangu wasemao kwamba hili ni jaribio la shule tu, na kitu cha maana ni maksi. Mimi sikubali. Mkono uliozoea kupamba tarakimu hapa ndio utakaoandika kesho kiwandani au hospitalini. Kwa hiyo nawaomba waalimu wetu watoe maksi kwa kipimo cha kweli, hata mchoro ukipinda, na mwanafunzi aandike pembeni sababu anayoidhani. Nanyi wazazi, mtuulizapo habari za masomo, ulizeni pia tulikosea wapi.

Nimekwisha kumwendea Mwalimu, akaniruhusu kurudia jaribio. Povu lilishuka tena dakika ya ishirini, maana mapovu yalikuwa yakipasuka. Safari hii nimeandika hivyo hivyo.