Mwandishi wa Programu Naye Yumo Wodini

Katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki jalada la karatasi linaondoka taratibu na kompyuta inashika nafasi yake. Mgonjwa akifika mapokezi, jina lake huingizwa kwenye kompyuta. Daktari huagiza vipimo humo, maabara hurudisha majibu humo, na dirisha la dawa husoma humo kile ambacho mgonjwa anapaswa kupewa. Nyuma ya mlolongo huo yupo mtu ambaye mgonjwa hamwoni kamwe, yaani mwandishi wa programu, ambaye aghalabu ni kijana aliyemaliza chuo mwaka jana au mwaka juzi na kupangiwa kitengo cha TEHAMA. Watumishi wenzake humkumbuka mtandao unapokatika. Hahudhurii kikao cha asubuhi cha wodi, na hakuna anayemweleza kwamba dozi fulani ilikosewa kwa sababu ya kile kilichoonekana kwenye skrini aliyoibuni yeye.

Utaratibu huo hauna budi kubadilika. Mambo ambayo kila mwandishi wa programu hufundishwa mwanzoni mwa kazi, kama vile kuvipa vitu majina yaliyo wazi, kutokubali kila kinachoingizwa, kujaribu kabla ya kutoa na kuandika ujumbe wa hitilafu unaoeleweka, huhesabiwa kwingineko kuwa unadhifu wa kazi. Hospitalini mambo hayo ni usalama wa mgonjwa, sawa na kunawa mikono kabla ya kumgusa.

Sukari ya damu yatosha kuwa mfano. Kuna vipimo vinavyotoa majibu kwa milimoli kwa lita, na vingine kwa miligramu kwa desilita. Kutoka kizio cha kwanza kwenda cha pili huzidishwa kwa 18, hivyo 5.5 ya kwanza ni 99 ya pili. Sasa kijana wetu anaweka kwenye skrini kisanduku kilichoandikwa "Sukari", chenye kupokea namba yoyote. Muuguzi anaandika 20. Ikiwa ni milimoli, mgonjwa huyo ana sukari iliyopanda sana. Ikiwa ni miligramu, yu karibu kupoteza maisha kwa sukari kushuka. Tiba ya mmoja ni insulini, na insulini hiyo hiyo itamuua mwingine. Mwandishi mzoefu hukiweka kizio mbele ya macho ya anayeandika, hukiweka pia ndani ya jina analoipa namba hiyo katika msimbo wake, na huifanya programu iulize tena pale namba inapokuwa nje ya yale yanayotarajiwa kwa binadamu aliye hai. Kisanduku kilichoachwa wazi nacho kisigeuzwe kuwa sifuri. Joto la mwili ambalo halikupimwa si nyuzi sifuri, ila kompyuta isiyoelezwa hivyo italijumlisha kwenye wastani bila kusita.

Saa ni mtego mwingine, na huu ni wa Waswahili wenyewe. Kompyuta huanza kuhesabu siku usiku wa manane, ilhali msemaji wa Kiswahili huhesabu saa za mchana tangu kuchomoza kwa jua. Saa 08:00 ya kompyuta ni saa mbili asubuhi. Programu ya kuwakumbusha wagonjwa dawa kwa ujumbe wa simu ikiitoa namba hiyo kama ilivyo na kuandika "Meza dawa yako saa 8", mgonjwa atameza saa nane mchana, yaani saa sita baada ya wakati aliokusudia daktari. Hakuna neno hata moja lililoandikwa vibaya katika ujumbe huo, na hakuna jaribio la kiufundi litakalogundua kosa lake. Litagunduliwa na bibi mmoja mwenye shinikizo la damu, iwapo kuna mtu atakayempa simu na kumwomba aseme ataimeza lini.

Majina yana ghasia zake. Mtu mmoja huandikwa Mohamed kliniki ya kwanza, Muhammad ya pili na Mohammed ya tatu. Zubeir wa kadi ya hospitali ndiye Zuberi wa kadi ya bima. Programu inayotafuta herufi kwa herufi haimpati, na mwandikishaji mwenye foleni ndefu mbele yake humfungulia jalada jipya. Habari kwamba penisilini ilimletea mzio hubaki kwenye jalada la zamani ambalo hakuna atakayelifungua siku hiyo. Kisha kuna watoto wachanga ambao hawajapewa jina, wanaosajiliwa kama "Mtoto wa Asha", na wodi moja ya wazazi inaweza kuwa na akina Asha watatu. Kuna pia wazee wanaojua kwamba walizaliwa mwaka wa mvua kubwa lakini hawajui tarehe. Programu ikilazimisha tarehe kamili, mwandikishaji ataandika tarehe mosi Januari, na baada ya miaka michache takwimu za hospitali zitaonyesha kwamba nusu ya kijiji ilizaliwa siku moja.

Mambo haya hayapatikani katika somo la kompyuta. Hupatikana mapokezi, kwa mtu aliyekaa hapo asubuhi nzima akitazama. Ndiyo maana mfano wa Eldoret unastahili kukumbukwa. Mwaka 2004, madaktari Burke Mamlin na Paul Biondich wa Taasisi ya Regenstrief huko Indiana, Marekani, walifika Kenya magharibi, ambako mpango wa AMPATH ulikuwa ukitibu wagonjwa wa VVU ambao idadi yao ilikuwa ikiongezeka haraka. Waliona kwamba mfumo wa kumbukumbu uliokuwapo hauwezi kubeba mzigo uliokuwa ukija, na hapo likazaliwa wazo la OpenMRS, programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa ambayo leo hutumika katika nchi nyingi. Ndani yake kuna jambo dogo linaloonyesha kwamba waliibuni wakiwa karibu na wagonjwa: pembeni ya tarehe ya kuzaliwa pana nafasi ya kuonyesha kwamba tarehe hiyo imekadiriwa. Kompyuta huambiwa ukweli wote, pamoja na ule wa kwamba mzee hakumbuki.

Kosa la programu ya tiba hufika wapi lisipozuiwa? Jibu lililoandikwa vizuri kuliko mengine limetoka Amerika Kaskazini, na ingawa limepita takriban miaka arobaini, kila anayeanza kazi hii angefaa kulisoma. Kati ya Juni 1985 na Januari 1987, mashine ya tiba ya mionzi iitwayo Therac-25, iliyotengenezwa na shirika la serikali ya Kanada, AECL, iliwapa wagonjwa sita wa Marekani na Kanada mionzi iliyopita kiasi mno. Baadhi yao walifariki kwa majeraha hayo. Mashine zilizoitangulia zilikuwa na vizuizi vya umeme na vya chuma, vilivyozima miali mikali iwapo vifaa vya ndani havijakaa mahali pake. Katika Therac-25 kazi hiyo iliachiwa programu, na sehemu za programu hiyo zilichukuliwa kutoka mashine za zamani. Msimbo huo ulionekana kuwa salama kwa kuwa ulikuwa umefanya kazi miaka mingi. Baadaye ilibainika kwamba mojawapo ya hitilafu zake ilikuwamo pia katika Therac-20, ila huko vizuizi vya vifaa vilikuwa vikiikamata kila mara. Kijana anayenakili msimbo kutoka mahali pengine, au anayeandikiwa na akili bandia, aikumbuke habari hiyo kabla ya kusema kwamba ulikwisha kujaribiwa.

Huko Tyler, Texas, mwezi Machi 1986, mtaalamu wa mionzi aliyeizoea mashine aliandika herufi ya eksirei badala ya ile ya elektroni. Aliliona kosa lake, akarudi juu, akalisahihisha na kuendelea, yote kwa sekunde chache. Wepesi wake ndio uliofichua kasoro, kwa maana mashine ilihitaji sekunde nane hivi kupanga sumaku zake, na masahihisho yaliyofanywa ndani ya muda huo hayakufika kila sehemu ya programu. Skrini iliandika "Malfunction 54". Maneno hayo hayakumweleza kitu, na kitabu cha maelekezo hakikusaidia. Mashine hiyo ilikuwa na desturi ya kutoa ujumbe wa hitilafu mara kwa mara bila madhara yaliyoonekana, hivyo alibonyeza kitufe cha kuendelea. Mwezi uliofuata jambo hilo hilo lilimpata mgonjwa mwingine mahali hapo hapo. Wagonjwa wote wawili walifariki.

Katika mkasa huo ujumbe wa hitilafu ndio unaostahili kulaumiwa kuliko kitu kingine chochote. Namba isiyo na maana, inayotokea kila siku, humfundisha mtumiaji kuipuuza. Muuguzi wa zamu ya usiku ambaye skrini humwambia "Error 500" mara kumi kabla ya mapambazuko anafundishwa somo lile lile. Ujumbe wa programu ya hospitali sharti useme kilichotokea, kilichohifadhiwa na kisichohifadhiwa, na anachopaswa kufanya sasa: "Dawa hii haijahifadhiwa. Mtandao umekatika. Andika kwenye karatasi na usirudie kuingiza mpaka alama ya kijani itokee." Ni sentensi tatu, na huzuia dozi kuandikwa mara mbili.

Kuna sehemu nyingine ya habari ya Therac-25 inayowahusu wagonjwa. Mgonjwa wa kwanza, huko Marietta, Georgia, alisema papo hapo kwamba ameungua. Aliambiwa haiwezekani. Mtengenezaji naye, alipoulizwa, alijibu kwamba mashine yake haiwezi kufanya jambo hilo, na hospitali zilizofuata ziliendelea kuamini hivyo. Ukweli wa Tyler ulipatikana pale mwanafizikia wa hospitali alipokaa na mtaalamu aliyekuwa akiiendesha mashine, wakarudia hatua zake tena na tena, kwa kasi ile ile, mpaka ujumbe ukajitokeza mbele yao. Hiyo ndiyo kazi ya kusaka hitilafu, na haikuwezekana bila kumwamini mtu aliyekuwapo. Yule anayesema "mimi sikuona tatizo lolote kwenye kompyuta yangu" hajaianza.

Hitilafu nyingine hazitoi hata namba. Uingereza, kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba 2020, watu 15,841 waliothibitika kuwa na UVIKO-19 hawakuingia katika hesabu ya kila siku, kwa sababu majibu yao yalipitishwa katika jedwali la muundo wa zamani lisilobeba zaidi ya mistari 65,536. Mistari iliyozidi ilidondoka kimya. Wenyewe walipata majibu yao, lakini waliokaa karibu nao walichelewa kutafutwa. Kuhesabu yaliyoingia na yaliyotoka, na kuyalinganisha, ni kazi ya mistari michache ya msimbo. Karani wa stoo ya dawa hufanya hivyo kila jioni kwa kalamu.

Hospitali inayotaka kuyachukua haya kwa uzito ianze na ratiba. Kila mwandishi wa programu akae siku kadhaa mapokezi, maabara na dirisha la dawa kabla ya kugusa msimbo, na arudi huko kila programu inapobadilishwa. Mabadiliko yasiwekwe Ijumaa jioni, wakati wa kuyarekebisha hakuna. Msimbo wake usomwe na mwenzake kabla haujafika wodini, kama ambavyo damu hukaguliwa na watu wawili kabla ya kuongezwa. Majaribio yafanywe kwa wagonjwa wa kubuni. Kunakili majalada halisi kwenye kompyuta ya mkononi ili "kujaribu tu" ni kutoa siri ya mgonjwa nje ya hospitali. Wodi nayo iwe na daftari la hitilafu, lenye saa, jina la skrini na maneno yaliyoonekana kama yalivyo, na kijana huyo alisome mwenyewe. Wapo watakaosema hana muda. Basi aongezwe mwenzake, kwa kuwa hakuna anayekubali muuguzi mmoja ahudumie hospitali nzima.

Mgonjwa naye asione haya kuomba jina lake, mwaka wake wa kuzaliwa na mzio wake visomwe kwa sauti kutoka kwenye skrini, wala kuuliza kama saa aliyotajiwa ni ya asubuhi au ya mchana. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ina yake ya mwaka 2019, na zote mbili zinampa mtu haki ya kutaka taarifa yake isiyo sahihi irekebishwe. Ombi hilo likifika mapokezi lazima pawe na njia ya kulitekeleza. Programu yenye kitufe cha kusajili mgonjwa mpya, lakini isiyo na namna ya kuunganisha majalada mawili ya mtu mmoja, irudishwe kwa aliyeiandika, pamoja na daftari la wodi.