Kiti cha Baiskeli: Uvumilivu au Maarifa?

Mwezi Septemba mwaka 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, Rwanda, na hiyo ikawa mara ya kwanza kwa mashindano hayo kufanyika katika ardhi ya Afrika. Wanaume walipangiwa njia ya vilima yenye urefu wa zaidi ya kilomita 260, na mshindi wao, Tadej Pogačar wa Slovenia, aliimaliza kwa muda wa zaidi ya saa sita. Hapana shaka vijana wengi wa Afrika ya Mashariki waliotazama mashindano yale waliingiwa na hamu ya kupanda baiskeli ya mbio, ile yenye usukani uliopindwa kuelekea chini. Hamu hiyo ni njema. Hata hivyo, mwanafunzi wa mchezo huu aghalabu hushindwa na makalio kabla ya kushindwa na mapafu au miguu. Baada ya nusu saa hujiona amekalia jiwe, na baada ya saa moja sehemu iliyo baina ya mapaja yake hufa ganzi.

Akilalamika kwa waliomtangulia, jibu ni moja: vumilia, utazoea. Jibu hilo lina ukweli nusu, na ile nusu isiyo kweli ina hatari. Yafaa basi mambo mawili yatenganishwe. Chini ya fupanyonga kuna ncha mbili za mifupa, moja kila upande, ambazo mtu yeyote anaweza kuzigusa akikalia viganja vyake. Ncha hizo ndizo zilizoumbwa kubeba uzito wa mtu aliyeketi. Ngozi na nyama zinazozifunika huuma katika safari za mwanzo, kama vile kiganja cha mtu asiyezoea jembe kinavyouma, na kwa kawaida maumivu hayo hupungua baada ya wiki moja au mbili za kuendesha kwa kiasi. Hayo huzoeleka.

Ganzi ni jambo jingine kabisa. Baina ya ncha hizo mbili kuna msamba, na humo hupita mishipa ya fahamu na mishipa ya damu iendayo kwenye sehemu za siri. Msamba haukuumbwa kubeba uzito. Ukibanwa kati ya kiti na mfupa, damu hupungua na neva huacha kupeleka habari, na huko kunyamaza kwa neva ndiko kunakoitwa ganzi. Kijana anayejivunia kwamba amezoea kufa ganzi ni sawa na mlinzi anayejivunia kwamba amezoea kulala usiku.

Hesabu ndogo yaweza kusaidia. Tuseme mwendeshaji anakikandamiza kiti kwa kani ya nyutoni 400, uzito wake uliobaki ukibebwa na mikono na miguu. Kani hiyo ikiangukia eneo la sentimita za mraba 40, kanieneo ni paskali 100,000. Eneo likiwa sentimita za mraba 100, kanieneo hushuka hadi paskali 40,000. Sasa, shinikizo la damu la mtu mwenye afya, wakati moyo unapojikaza, ni takriban milimita 120 za zebaki, yaani paskali 16,000 hivi, na katika kapilari ni dogo zaidi kwa mbali. Hii ni hesabu ya darasani, kwa sababu ndani ya nyama kani haisambai kwa usawa. Lakini yatosha kuonyesha kwamba hata mtu aliyekaa kwenye benchi huzuia damu yake kwa muda. Ndiyo maana mwanafunzi hujigeuzageuza darasani bila hata kufikiri, na mwalimu humkemea bure. Mwendesha baiskeli ya mbio, aliyeinama na kuitegemeza nyonga mahali pamoja, hajigeuzi.

Hapa ndipo wengi hukimbilia sponji. Fundi hushona kava nene, au mnunuzi huchagua kiti kinachobonyea kama godoro, kwa hoja kwamba eneo likiongezeka kanieneo hupungua. Hoja hiyo ni sahihi kwa fizikia na ni kosa kwa mwili. Eneo linaloongezwa ni lipi? Ncha za mifupa huzama ndani ya sponji, na sponji iliyo katikati yake huinuka na kuusukuma msamba. Wastani wa kanieneo umeshuka, lakini mzigo umehamishwa kutoka mahali panapostahili hadi mahali pasipostahili. Kiti kigumu kiasi, chenye upana unaozipokea ncha zote mbili na bonde au mwanya katikati, humfaa mwendeshaji wa safari ndefu kuliko mto wowote. Wala fikra hiyo si mpya: viti vyenye mwanya vilikuwa vikiuzwa katika miaka ya 1890, wakati madaktari walipokuwa wakibishana juu ya madhara ya baiskeli.

Ubishi huo ulipata ushahidi wa kupimika pale wataalamu wa taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia usalama na afya kazini walipowachunguza askari polisi wanaofanya doria kwa baiskeli. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, askari wanaume 90 walitumia kwa miezi 6 viti visivyo na pua, yaani visivyo na ile ncha ndefu ya mbele. Kanieneo katika msamba lilipungua kwa asilimia 66. Kabla ya jaribio, wale waliosema hawakupatwa na ganzi katika miezi 6 iliyotangulia walikuwa asilimia 27 tu. Baada yake walikuwa asilimia 82. Askari hao walikuwa wazoefu, na mazoea yalikuwa hayajawaponya.

Mtu atauliza kwa nini basi viti vyenye pua vingali vinatawala. Sehemu ya jibu ni ya haki, kwani mapaja huigusa pua ili kuiongoza baiskeli katika kona. Sehemu nyingine ni kanuni za mchezo, ambazo zinadai kiti kisipungue sentimita 24 kwa urefu. Lakini mwanafunzi anayeendesha kilomita 30 kila Jumamosi hana refa wa kumpima, na haelekei kufaidika kwa kuiga umbo lililowekwa na kamati ya mashindano.

Kiti kikishachaguliwa, spana ina kazi yake. Kikiinuliwa mno, nyonga huyumba huku na huko kila pedeli inaposhuka, na msuguano huchuna ngozi. Kisigino kikiwekwa juu ya pedeli iliyo chini kabisa, mguu uwe umenyooka bila nyonga kuinama. Pua ikielekea juu huchoma msamba. Ikielekea chini sana humtelezesha mtu mbele, uzito ukaangukia mikono, na ganzi ikahamia kwenye kidole cha mwisho na cha pete. Suruali ya jinzi nayo ina mishono minne inayokutana hasa pale pasipotakiwa. Na kila dakika kumi au kumi na tano mwendeshaji asimame juu ya pedeli kwa muda mfupi, damu ipite. Ganzi isiyoondoka baada ya kushuka, au inayoambatana na shida ya kukojoa, ipelekwe kwa daktari.

Lakini daktari huyo ataelezwa nini? Hapa pana tatizo zito kuliko la kiti. Kijana aweza kutaja sehemu zote za ua na za jicho la ng'ombe, ila hajui jina la mahali panapomwuma, kwa kuwa somo la baiolojia lilipofika hapo mwalimu aliinamisha uso na kugeuza ukurasa. Kwa msichana aibu hiyo ni kubwa zaidi, ilhali ncha zake za mifupa kwa wastani zimeachana zaidi kuliko za mvulana, na baiskeli anayopewa mara nyingi ina kiti kilichochaguliwa kwa ajili ya kaka yake.

Kanieneo bado hufundishwa kwa mfano wa kisigino chembamba cha kiatu na mguu wa tembo. Mwalimu anayependa anaweza kuweka kipande cha boksi la karatasi ngumu juu ya kiti cha mbao, akamwomba kila mwanafunzi akikalie kwa dakika moja huku amejiinamia, kisha akapima kwa rula umbali kati ya vitovu vya mabonde mawili yaliyobaki. Kwa wengi utakuwa kati ya sentimita 10 na 14. Kiti cha baiskeli chapaswa kuuzidi umbali huo kwa sentimita mbili hivi. Vipimo vya darasa zima vikiandikwa ubaoni, wasichana na wavulana katika safu mbili, itaonekana mara moja ni wangapi kati yao ambao kiti kimoja cha dukani hakiwezi kuwatosha.