Mashine Isitumwagie Makonyo

Wanachama wenzetu, wako wanaouliza kama yafaa akili mnemba itumiwe kuandika habari za karafuu katika Wikipedia ya Kiswahili, ile kamusi elezo iliyoanza mwaka 2003 na inayoandikwa na watu wa kujitolea. Sisi twasema yafaa, kwa sharti moja: amwagaye na achambue.

Mashine huandika makala kwa dakika moja; kuisahihisha humchukua mjuzi saa nzima, naye halipwi. Mwaka 2009 kampuni ya Google iliwashindanisha wanafunzi wa Kenya na Tanzania kuandika makala humo. Zawadi zilipokwisha wengi wakaenda zao, na kazi ya kusahihisha ikawaangukia wachache waliobaki. Na hao waandishi walikuwa watu!

Mkulima wa Matombo, katika milima ya Uluguru ambako karafuu zalimwa kama huku kwetu, akishuka Morogoro Mjini na kufungua simu yake, asikute makonyo yameitwa mashina, wala mpeta kusifiwa kuwa karafuu njema. Akifuata maneno hayo atauza kwa hasara.

Basi wanaotengeneza vyombo hivyo wavifanye vimwulize mkulima kwanza: kitu hiki nyinyi mwakiitaje? Na kila habari ionyeshe ilikotoka. Isiyo na asili isichapwe. Pale mjini Morogoro kipo Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Wataalamu wake wakikaa na wakulima wa milimani juu ya jambo hili, sisi wa visiwani tu tayari kupeleka maneno yetu.